Gari Lililoibwa Klachi

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, soda na maneno matamu, na mmoja wenu, simtaji, akasema niandike niliyoyaona kazini ili vijana wajifunze. Nadhani alisema hivyo kwa sababu hotuba ilikuwa imemwishia. Lakini mtu aliyestaafu ana wakati mwingi, na mwenye wakati mwingi si wa kuchokozwa, kwa hivyo nimeandika. Habari za vyeo hamtazipata hapa. Katika shule yetu ya udereva kulikuwa na vyeo viwili tu, mwenye shule na asiye mwenye shule, na mimi nilidumu katika hicho cha pili tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Nilikuja Kawangware kutoka Machakos nikiwa kijana mwembamba mwenye leseni mpya na maringo mengi. Shule ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la misumari na mabati. Mzee Njoroge, mwenye shule na mwalimu wake wa pekee, aliniangalia viatu kabla ya kuniangalia uso.

"Unaweza kufundisha?" akaniuliza.

"Naweza, Mzee."

"Na kusukuma?"

Nilidhani ni fumbo la kupima akili yangu, nikajibu kwamba naweza pia. Halikuwa fumbo. Siku hiyo nilisukuma gari la shule kutoka Kawangware hadi Riruta na kurudi, na kila lilipowaka, mwanafunzi aliyekuwa ndani alinipungia mkono na kuniacha barabarani na vumbi langu. Jioni Mzee alinipa chai na kuniambia nimeanza vizuri, maana mwalimu aliyekuwa kabla yangu aligomea pale mlimani. Sikuuliza alikwenda wapi.

Gari hilo ndilo nililofundishia karibu miaka yangu yote ya kazi. Wanafunzi walimwita Shosho, jina ambalo watoto wa Nairobi humwitia nyanya yao, kwa sababu alikuwa mzee, alikuwa na tabia zake, na hakuna aliyethubutu kumrekebisha. Upande wa mwalimu alikuwa na breki ya ziada na klachi ya ziada, na hizo ndizo sehemu pekee za Shosho zilizofanya kazi kila siku bila kuombwa.

Mzee Njoroge hakumpigia mwanafunzi kelele hata mara moja. Walimu wengine wa enzi zile walitumia rula magotini. Yeye alitumia njugu. Aliweka njugu karanga kwenye mfuko wa shati, na kila mwanafunzi alipokosea, alirusha moja mdomoni na kutazama nje ya dirisha. Mwanafunzi mzuri alimaliza somo Mzee akiwa na njaa. Mbaya alisikia kando yake kutafuna kusikoisha, na hapo akajua hali yake. Nilimwona mhubiri mmoja mwenye sauti ya radi akitokwa na machozi kwa sababu ya njugu. Njia hiyo niliirithi, na meno yangu ya nyuma ndiyo yaliyolipa.

Kabla ya barabara kuna ubao. Nyinyi mna ubao mzuri wenye mji uliochorwa kwa rangi na vigari vya plastiki. Sisi vigari vyetu viliibwa na watoto wa jirani mapema sana, tukatumia vifuniko vya soda. Mtu mzima, mara nyingine na tai shingoni, alisimama mbele ya ubao akisukuma kifuniko kwa kidole na kueleza kwa heshima zote, "Sasa mimi ni kifuniko chekundu, natoka barabara ndogo, nampisha kifuniko cha kijani." Msicheke. Kwenye mzunguko pale ubaoni vifuniko vyetu vilipishana kwa adabu kuliko magari ya Ngong Road.

Sasa nifike kwenye tabia za Shosho, maana bila hizo hamtaelewa yaliyonipata mwishoni. Shosho hakuwaka mpaka umgonge dashibodi mara mbili kwa kiganja, upande wa kulia, si kwa hasira. Gia yake ya pili ilikuwa inaruka kama haijashikiliwa, kwa hivyo uliibana kwa goti la kushoto. Honi yake ililia tu ukikata usukani kidogo. Maana yake, ukitaka kumwonya mtu anayevuka, ilibidi kwanza umgeukie kama unayetaka kumgonga, ndipo honi itoke. Watu wa Kawangware walikuwa wepesi sana wa kuruka mtaro, na naamini tulichangia. Mlango wa dereva nao ulifunguka kutoka nje tu, kwa hivyo ulishusha kioo, ukatoa mkono, ukajifungulia kama mtu anayejitoa rumande.

Haya yote tuliyafundisha siku ya kwanza, pamoja na kufunga mkanda na kutazama vioo. Hakuna mwanafunzi aliyeuliza kwa nini. Wengi hawakuwa wamewahi kushika usukani wowote, na mwalimu akikwambia gonga mara mbili, unagonga mara mbili. Ukweli ni kwamba hatukuwafundisha watu kuendesha gari. Tuliwafundisha kuendesha Shosho, nao wakadhani ni kitu kimoja.

Matokeo yake yalitapakaa Nairobi nzima. Siku moja nilipanda teksi mjini, gari jipya linalong'aa, dereva kijana mwenye miwani ya jua. Kabla ya kuwasha akagonga dashibodi mara mbili.

"Ulisomea Kawangware," nikamwambia.

Akageuka taratibu. "Buda, umejuaje?"

"Na ukifika utashusha kioo ndio ufungue mlango."

Kijana akaniangalia kwa kioo safari nzima kama mtu aliyebeba mganga. Tulipofika alishusha kioo, akatoa mkono, kisha akakumbuka nilichosema na akaurudisha ndani kwa aibu. Nauli hakuidai. Nilimwambia achukue, akakataa, akasema anaogopa.

Mzee Njoroge alipochoka alirudi kwao kulima, akamwachia shule binti yake, ambaye ndiye bosi wenu hadi leo. Juu yake sitasema neno, maana najua atasoma haya kabla yenu.

Mama Awuor aliingia shuleni mwaka wangu wa mwisho. Alikuwa mjane, mkazi wa Kisumu Ndogo kule Kibera, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Nilimuuliza kwa nini atembee kutoka Kibera hadi Kawangware wakati kuna shule za udereva karibu na kwake.

"Mwalimu, kule wananijua," akasema. "Nikizima gari mara moja tu, hiyo story itafika kanisani kabla yangu."

Alikuwa na sababu ya kujifunza upesi. Karibu na Olympic, mtaa wa hukohuko Kibera, kuna shule ya nasari ya mama mmoja anayeitwa Madam Mwende, na Madam alikuwa anatafuta dereva wa kuwarudisha watoto nyumbani saa sita. Mama Awuor humpelekea omena, na siku moja, badala ya kuomba kuongezewa oda, aliomba kazi. Madam akampa nafasi mpaka shule zifunguliwe. Asipokuwa na leseni kufikia hapo, kuna kijana wa jirani aliyekuwa anangojea kwa hamu. Mtoto wa dereva angesoma hapo bila karo, na Awuor, binti yake, alikuwa amefika umri wa kuanza na bado alikuwa anashinda sokoni chini ya meza ya mamake.

"Omena nimeuza mpaka paka wa mtaa wananisindikiza nyumbani," aliniambia. "Mgongo umekataa. Nataka kazi ya kukaa."

Nilimpenda kama mwanafunzi tangu somo la kwanza. Alimjua Shosho kuliko nilivyomjua mimi. Aligonga dashibodi kwa upole, alibana gia kwa goti kama aliyezaliwa nayo, na honi aliitoa kwa kumgeukia mtu kidogo tu, bila kumtisha kupita kiasi. Nilimaliza masomo mazima bila kula njugu. Nikamwandikisha mtihani nikiwa na uhakika wote.

Bosi naye akachagua wiki hiyohiyo kumuuza Shosho kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Nilifika asubuhi nikakuta mahali pake pamesimama gari dogo jekundu, la gia kama Shosho, ila la juzijuzi, kimya, lenye harufu ya duka. Wanafunzi walilitazama, wakatazama alama ya mafuta ya Shosho iliyobaki chini, na kabla ya saa nne gari lilikuwa limeshapewa jina: Bibi Mdogo. Mwalimu mwenzangu mmoja alifurahi sana. Mimi nilinuna siku nzima, na nasema wazi kwamba nilimlilia Shosho, ila nilisingizia vumbi.

Mama Awuor akafanya mtihani ndani ya Bibi Mdogo. Mimi nilikaa kiti cha nyuma, mtahini mbele, na yeye kwenye usukani. Akagonga dashibodi mara mbili.

Mtahini akainua macho. "Unabisha hodi? Kuna mtu ndani?"

"Nasalimia gari, afande."

Mtahini akaandika kitu. Klachi ya Shosho ilikuwa inashika juu kabisa, karibu na magoti. Ya Bibi Mdogo inashika chini, karibu na sakafu. Gari likaruka, likazima. Likaruka tena, likazima. Lilipokubali kwenda, Mama Awuor akaingiza gia ya pili na kuibana kwa goti.

"Hilo goti lina shida gani?" mtahini akauliza.

"Halina, afande. Nashikilia gia isitoroke."

Halafu akatokea mzee na baiskeli yake, na Mama Awuor, kwa adabu yote tuliyomfundisha, akakata usukani kumwelekea ili apige honi. Mtahini alikanyaga breki ya mwalimu kwa miguu yote miwili. Honi ya Bibi Mdogo, ambayo haikuhitaji kukatwa usukani, ililia kwa nguvu na kwa muda mrefu, na mzee akakimbia, akatuachia baiskeli yake tukiitazama. Mama Awuor alipoambiwa ashuke, alishusha kioo akatoa mkono nje. Mtahini alimwacha amalize. Nafikiri alitaka kuona mwisho wake.

Alianguka mtihani, bila shaka. Njiani, tulipokaribia Kawangware, alinigeukia.

"Mwalimu, yote uliyonifundisha ni ugonjwa wa ile gari?"

"Si yote," nikamwambia. "Mkanda ni wa kweli."

Hakucheka, na mimi sikustahili kuchekewa. Kulikuwa na nafasi moja tu ya mtihani kabla ya shule kufunguliwa, na yule kijana wa jirani alikuwa ameshaanza kumwoshea Madam gari bila kuombwa. Kama kazi ingemponyoka, ingekuwa si kwa sababu Mama Awuor hawezi kuendesha, bali kwa sababu aliweza kuendesha gari moja duniani, na hilo lilikuwa limeshakatwa vipande.

Wenzangu, kufundisha ni rahisi. Kufundua ndiko kazi. Goti la Mama Awuor lilikuwa halisikii maneno. Mwishowe nilichukua kisahani, nikakijaza njugu zangu, nikakiweka juu ya goti lake la kushoto, nikamwambia gia ya pili iingie bila njugu kuanguka. Siku ya kwanza kuku wa Riruta walishiba. Siku zilizofuata zilianguka chache, kisha moja moja. Klachi niliifundua kwa kumvua viatu, ili unyayo usikie wenyewe mahali inaposhika. Dashibodi niliibandika picha ya Awuor akiwa amekunja uso, pale pale kiganja kinapogonga, na Mama Awuor hakuweza kumpiga mtoto wake kofi. Alijaribu mara moja, akamwomba radhi.

Mtihani wa pili alipita. Mtahini alikuwa yuleyule, na nilimwona amejishikilia mlango tangu mwanzo, ila hakupata la kuandika. Baada ya leseni kulikuwa na vibali vingine vya kubeba watoto na kupimwa afya, akavifuata mwenyewe kwa miguu, ofisi hadi ofisi, mpaka akavipata. Madam Mwende akamwambia aje siku ya kufungua shule. Mimi nikastaafu Ijumaa, mkanipa ile saa, na nikajua nimemaliza kazi vizuri.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu na chai, nimevaa malapa na sweta lililotoboka, nikitazama watu wengine wakienda kazini. Nawaambia ukweli, ni raha kubwa kuliko mnavyofikiria. Nikakaa hivyo hivyo hadi karibu saa tano, simu ikalia. Ilikuwa Mama Awuor, ananong'ona.

"Mwalimu, hii gari ya Madam imeibiwa klachi."

"Imeibiwa nini?"

"Klachi. Nimefungua mlango nikaona breki na ya mafuta peke yake. Wamechukua usiku. Si unajua vile wezi wa vioo wamejaa huku? Sasa nimwambie Madam ama nitanyamaza? Atasema ni mimi nimeiuza."

Chai ilinipalia. Hakuna mahali popote duniani ambapo mtu mzima mwenye leseni angeweza kusema hivyo ila hapa kwetu, ambapo taa za gari huondoka mwenyewe akinunua mkate. Gari la Madam lilikuwa otomatiki, lisilo na klachi tangu kiwandani. Mama Awuor hakuwa amewahi kuketi ndani ya otomatiki, wala mimi sikuwahi kumtajia kwamba kuna kitu kama hicho, kwa kuwa shuleni hatukuwa nalo.

"Usimwambie kitu," nikasema. "Na usiliwashe. Nakuja."

Nilichukua boda, na njia nzima niliwaza yangu. Otomatiki niliwahi kuendesha mara moja tu, la shemeji yangu, kwenye harusi kule Machakos. Mguu wangu wa kushoto ulitafuta klachi, ukaikuta breki, ukaikanyaga kwa imani yote, na shemeji akabusu dashibodi akiwa amevaa suti. Mpaka leo huniita "Bwana Breki". Hicho ndicho kilichokuwa kinamngojea Mama Awuor, na ndani ya gari kungekuwa na watoto.

Nilipofika, Madam Mwende alikuwa amesimama kando ya gari, mama mnene mwenye miwani ya kamba, anatazama saa, maana saa sita ilikuwa inakaribia. Ni Mkamba mwenzangu, kwa hivyo nilijua hadanganyiki kirahisi. Kabla sijafungua mdomo, Mama Awuor akaniwahi.

"Madam, huyu ni fundi wangu. Nimemwita aangalie gari kabla nibebe watoto wa wenyewe."

Madam aliangalia sweta langu lenye matundu, akaangalia malapa. Kwa fundi, mavazi yalikuwa sawasawa. "Vizuri," akasema. "Dereva wa kwanza kunifanyia hivyo. Fungua boneti, fundi."

Nilifungua boneti. Mimi ninajua magari kuanzia kwenye usukani kuja nyuma. Mbele ya hapo ni nchi ya watu wengine. Nilitazama kwa muda wa kutosha, nikashika waya mmoja, nikauachilia.

"Injini ipo," nikamwambia.

"Hata mimi naona ipo."

"Sasa lazima tuizungushe hapa uwanjani kwanza, Madam, nisikie ikitembea. Hatutoki getini mpaka nisikie."

Hilo nililisema kwa moyo mweupe. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba nikiona mguu wa kushoto wa Mama Awuor unaamka, nitasema gari ni bovu, tushuke wote, na kazi iende kwa yule kijana. Bora akose kazi kuliko tufike barabarani na maombi.

Tatizo ni kwamba Madam alikaa mbele, kiti changu mimi, na isitoshe upande huo haukuwa na breki ya mwalimu. Watoto walipoona gari linawashwa walikimbilia ndani wote na mikoba yao, na mimi nikajikuta nyuma nimebanwa katikati yao. Sikuwa na njia ya kumwambia Mama Awuor neno bila Madam kusikia. Nilimwona kwenye kioo. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na macho yake yalikuwa kwenye ule mkono wa gia wenye herufi zilizoandikwa P, R, N, D, kama mtu aliyepewa barua ya Kichina.

Herufi ndizo zilizoniokoa.

"Watoto," nikasema, "nani anajua P?"

"Mimi!" wote.

"P ya pumzika. Semeni."

"P ya pumzika!"

"R ya rudi nyuma. N ya ngoja hapo. D ya dereva twende."

Wakaipokea kama uji. Walipoimba mara ya pili, niliona mkono wa Mama Awuor ukigusa herufi moja moja, na mabega yake yakashuka.

"Sasa ya miguu," nikasema. "Mguu wa kushoto?"

"Huuu!" wakasema, hawakujua jibu.

"Umelala. Mguu wa kushoto umelala, usiuamshe. Wa kulia?"

"Umeamka!"

"Kulia kanyaga breki, ndio uweke D. Achilia pole pole, usikanyage kitu, gari lenyewe litaenda."

Madam aligeuza shingo. "Fundi una watoto?"

"Nina wajukuu, Madam. Wanapenda nyimbo."

Gari likatambaa lenyewe, na Mama Awuor akasema "Nyasaye" kwa sauti ya chini, yaani Mungu wangu. Tukazunguka uwanja. Kwenye kona ya kwanza niliona goti la kushoto limetetemeka, nikapiga ukelele, "Kushoto?" na watoto wote wakajibu, "Umelala!" na goti likatulia. Tukazunguka tena. Walimu walitoka madarasani kutazama. Tukazunguka mpaka mpishi akaja mlangoni na mwiko. Kila breki ilipokaribia, watoto waliimba breki, kila aliposimama, waliimba pumzika, na kulikuwa na msichana mmoja mdogo, mkali kama mtahini, aliyekuwa akimkaripia Mama Awuor kutoka nyuma, "Ngoja hapo! Nimesema ngoja." Uso ule uliokunjwa nilikuwa nimeubandika mimi mwenyewe kwenye dashibodi: huyo ndiye Awuor, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza kwake shuleni.

Mzunguko wa mwisho nilinyamaza makusudi na kuwanyamazisha watoto kwa kidole mdomoni. Mama Awuor aliendesha peke yake, akasimama pale getini taratibu kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekunjwa chini ya kiti, hauna habari. Moyo wangu ulijaa, nasema bila aibu. Katika kazi yangu yote sijafundisha mtu vizuri kuliko siku ile niliyokuwa si mwalimu tena.

"Fundi," Madam akauliza, "gari iko sawa?"

"Iko sawa, Madam."

Tukatoka. Alishusha watoto wa Olympic, akateremka hadi ukingo wa Kisumu Ndogo, ambako wanawake wa omena walisimama juu ya vibao vyao wamwone, na mmoja akapaza sauti, "Mama Awuor, ni wewe ama ni macho yangu?" Hakumjibu, aliangalia kioo cha kulia, cha kushoto, akaweka D, akaondoka. Tukaja Kawangware, tukafika Riruta kwa wa mwisho. Hakuna mtu aliyeimba tena, na mimi nilibaki nyuma na Awuor, ambaye alikuwa amelala begani kwangu.

Waliponishusha Kawangware tukirudi, nilikuwa nimeshageuka kwenda zangu nilipomsikia Madam akishusha kioo.

"Mwalimu," akaniita.

Niligeuka kabla ya kukumbuka kwamba mimi ni fundi.

"Nimefundisha watoto wa nasari tangu nikiwa msichana," akasema. "Hakuna wimbo wa watoto wenye breki."

Mama Awuor alishika usukani kwa mikono miwili akitazama mbele tu, kama anayesubiri kusomewa hukumu, na mimi nilikuwa tayari kusema kwamba makosa yote ni yangu.

Madam alivua miwani, akaifuta kwa kanga yake, akaivaa tena. "Yule kijana wa jirani alikuja jana kujaribu gari," akasema. "Alitoka getini na tairi likilia. Huyu amezunguka uwanja wangu mpaka nyasi zimeisha, ndipo akakubali kutoka na watoto."

Kisha akamgeukia Mama Awuor.

"Kesho saa sita," akamwambia. "Na ukuje bila kwaya."